Sura ya 7: Majira ya Kulaza Gari

Swali la kulaza gari niliulizwa na mtu aliyeishi kwenye theluji. Ni Mdinka aliyekulia kambi ya Kakuma, akapelekwa Marekani 2001 katika lile kundi la vijana waliopewa jina la Wavulana Waliopotea, akatua Omaha, Nebraska, akakaa huko miaka kumi na ushei, kisha akarudi Juba kujenga. Kiswahili chake ni cha Kakuma, cha mbiombio, hakina muda wa salamu ndefu. Alilizunguka gari langu mara mbili, akagonga bodi kwa kidole, akachuchumaa kutazama chini, akainuka akipangusa magoti.

"Sasa ndugu yangu, hili unalifunga lini?"

"Kulifunga vipi?"

"Kulifunga. Majira yakigeuka."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia Juba hakuna majira ya kufungia gari. Februari na Machi joto la mchana linafika nyuzi 37, 38. Hata Agosti, mawingu yakiwa yametanda kutwa, anayevaa koti ni bodaboda wa alfajiri peke yake. Akacheka. Akanisimulia kwamba kule Omaha alikuwa na pikapu ya Chevrolet ya 1972, na kila mwaka, kabla malori ya manispaa hayajaanza kumwaga chumvi barabarani, aliiingiza bandani na haikuonekana tena mpaka Aprili. "Baridi haili gari," alisema. "Kinachokula ni chumvi. Na hapa kwenu kipo kinachokula. Kikianza kula, unafunga."

Hiyo ilikuwa 2014. Nilimpuuza kwa miaka miwili.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series IIA, ya 1970, ya petroli, injini ya cc 2,286. Nililinunua Arua 2010 kwa mzee aliyekuwa akibebea tumbaku, na harufu ya tumbaku haijatoka mpaka leo. Mvua ikinyesha inarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Watoto wa mtaani kwetu Munuki wanaliita kwa Kiarabu cha Juba "arabiya de mutu kalas", yaani gari hili limeshakufa, na wanasema hivyo hata wakiwa wamepanda nyuma wanapelekwa shule. Mimi ni mtu wa Meru, kule Arusha. Utotoni kwetu waliokuja na landrova walikuwa bwana shamba, padri, mganga wa wilaya na askari wa wanyamapori. Landrova ilikuwa serikali yenyewe ikitembea. Ukisikia giaboksi inalia mlimani ulijua kuna jambo: chanjo, kodi, au msiba. Anayeniuliza kwa nini nahangaika na mkweche wakati Toyota zimejaa, simjibu. Namwambia apande.

Ila lina kasoro moja ambayo si kosa lake. Usukani uko kulia, na Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Sudan ilihama kutoka kushoto tarehe 2 Agosti 1973, na nchi hii ilipojitenga Julai 2011 ikaurithi upande huo. Uganda na Kenya, ambako magari yetu mengi yanapitia, zimebaki kushoto. Kwa hiyo nusu ya Juba inaendesha ikiwa imekaa upande wa mtaro. Ukitaka kulipita lori unamuuliza abiria: "Kuko wazi?" Maisha yako yanategemea macho ya shemeji. Gari la kwanza kabisa la majaribio la Land Rover, lile la 1947, lilikuwa na usukani katikati, dereva akae kama mpanda trekta. Waliliacha wazo hilo kabla ya kuanza kuuza 1948. Laiti wangejua kuna Juba. Hata hivyo kwenye IIA mita za spidi na mafuta zimebaki katikati ya dashibodi, na kuhamisha usukani si upasuaji mkubwa. Fundi wangu ameniambia mara saba atafanya wiki ijayo.

Turudi kwenye chumvi, maana bila kuielewa huwezi kumwelewa mtu wa Omaha.

Maji safi huganda kwenye sifuri. Ukiyatia chumvi yanakataa kuganda mpaka baridi izidi sana. Chumvi ya kawaida inafanya kazi mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Ndiyo maana miji ya baridi inaimwaga barabarani kwa matani, barafu igeuke tope watu wapite. Tope hilo la chumvi linarushwa na matairi, linaingia kwenye mikunjo ya mabati, linajificha ndani ya chesisi. Kutu ni kazi ya chuma, hewa na maji, na chumvi ni dalali anayeharakisha biashara kati yao, kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Mwenye gari analolipenda huko ana njia mbili tu: aliendeshe majira ya baridi lioze, au alilaze. Wanalaza. Wanainua kwenye stendi ili tairi zisibonyee upande mmoja, wanatia dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, wanachomeka betri kwenye chaja ndogo inayoinywesha tone tone mpaka masika, wanalifunika shuka. Kisha wanakwenda kunywa kahawa wakilitazama dirishani.

Wasomaji wa pwani mnaijua chumvi hii hii, ila yenu haimwagwi na manispaa, inaletwa na upepo. Gari lililokaa Mombasa au Tanga miaka kumi lina kutu ile ile ya Omaha. Ushauri wangu, na hili nalisema bila kupepesa: ukinunua gari la zamani, nunua la bara. Arusha, Eldoret, Mbarara, Arua. La Zanzibar lipige picha tu.

Watu wengi wanaamini Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Ni kweli nusu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma Uingereza kilikuwa kwa mgao, alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa imebaki, wakaitumia. Lakini chesisi ni ya chuma, tena ni boksi lililochomelewa, lenye uvungu ndani kama mwanzi. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na unyevu, vyuma viwili vinageuka betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa, inabaki unga mweupe. Nimeona milango ya landrova unayoweza kuitoboa kwa kijiti cha meno huku kwa nje rangi inang'aa.

Sasa Juba. Mvua zinaanza Aprili na kuondoka Oktoba, karibu milimita elfu moja kwa mwaka, si nyingi kuliko Dar es Salaam. Tatizo si wingi. Tatizo ni zinapoangukia. Ukiondoa mitaa yenye lami na ile barabara ya Nimule ya kilomita 192, iliyokamilika 2012 kwa fedha za Wamarekani, sehemu kubwa iliyobaki ni marram na makorongo. Watu wa hapa huyaita khor. Kiangazi korongo ni njia ya mbuzi, mvua ikipiga huko juu kwenye mlima wa Jebel linageuka mto kwa dakika ishirini na kuondoka na pikipiki. Ukielekea kaskazini, Terekeka na Bor, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tope lake halitoki kwa kukung'uta. Linakwenda na gari nyumbani.

Wanaosema zamani magari yalikuwa imara yalipita kokote hawajasoma habari za akina Court Treatt. Mume na mke hao na wenzao waliondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita, na si kwa sababu magari yalikuwa mabovu. Mvua iliwashika Rhodesia, kipande cha Bulawayo mpaka Maporomoko ya Victoria kikawala miezi, na walipofika vinamasi vya Sudan Kusini magari yalivutwa kwa kamba na watu. Na mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953, kwa miaka mingi yalipangwa Pasaka, masika yakiwa yamechachamaa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwenye Peugeot 404. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda 1965 na Volvo iliyokwisha tumika. Tunawakumbuka hao saba. Yale mengine themanini hivi yalibaki kwenye tope, na ndiyo yanayofanana na langu.

Kwa nini basi Juba hakuna magari mengi ya zamani? Mvua haikuyamaliza. Vita viliyamaliza. Tangu 1983 mpaka mkataba wa Januari 2005, Juba ilikuwa mji wa kambi ya jeshi, imezungukwa, barabara za kutoka zimetegwa mabomu. Gari lililokuwepo lilichukuliwa na jeshi, au liliungua, au lilikatwa vipande likawa majiko na sufuria. Miaka ya kwanza ya amani pembeni ya barabara ya Yei ungekuta vifaru na malori yamelala majanini, mijusi wamehamia. Magari mapya yaliingia kutoka kusini: misafara ya misaada iliyokuwa na makao Lokichoggio, Kenya, tangu 1989, ilileta Land Cruiser nyeupe kwa mamia, na hardtop ya Toyota ikawa gari la nchi. Sina ugomvi nayo. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 itatuzika sote. Baada yake ikaja V8, gari la mkubwa, vioo vyeusi. Mwaka 2018 wabunge 400 walipewa dola 40,000 kila mmoja za mikopo ya magari, na mtaani watu walijua ni magari gani. Katika mji wa namna hiyo mtu mwenye landrova ya 1970 anaonekana ama ni maskini ama ana wazimu, na polisi wa barabarani wanashindwa kuamua waombe kitu gani.

Miaka ile ya mwanzo niliendesha mvua zote. Ndiyo maana ya landrova, nilijiambia. Kuifungia ndani wakati wa tope ni kama kumfunga ng'ombe majani yakiota. Fundi wangu, Mlugbara wa Arua, alikubaliana nami kwa moyo wote, na sasa naona kwa nini: kila Novemba alikuwa na kazi. Novemba 2015 aliingiza bisibisi kwenye mkono wa chesisi unaoshikilia bodi upande wa kushoto, ikazama mpaka mpini. Alipoitoa ilifuatwa na tope. Tope bichi, mwezi mzima baada ya mvua kukatika. Chesisi ile ilikuwa imejaa udongo kama soseji.

"Mzee," alisema, "hii umeibeba kutoka wapi?"

Kutoka Bor, kwa safari moja ya Juni.

Hapo ndipo maneno ya mtu wa Omaha yalipoanza kunirudia. Tukachomelea kipande kipya, tukaapa mvua za 2016 gari litalala. Sikujua litalala kwa namna gani.

Tarehe 8 Julai 2016 mapigano yalizuka Juba, yakaendelea mpaka tarehe 11. Sitayasimulia hapa, wapo waliopoteza zaidi ya gari, na sura hii ni ya gari. Siku chache baadaye jeshi la Uganda lilituma msafara wa malori kuwachukua raia wao kwa barabara ya Nimule, na wageni wengine tuliotoka tulitoka kwa kujibanza tulivyoweza. Landrova niliiacha uani chini ya rakuba, lile banda la Kisudani la miti na makuti lisilo na kuta. Niliivuta breki ya mkono, nikafunga milango kwa ufunguo ambao hata hivyo unafungua landrova yoyote, nikaondoka na begi moja.

Nilirudi Machi 2017. Betri ilikuwa imeondoka, na vioo vya pembeni, na jeki. Sikushangaa. Kilichonishangaza ni uharibifu ambao hakuna mwizi aliyeufanya. Petroli ndani ya tenki ilikuwa imegeuka kama asali iliyochacha, na kabureta imeziba utomvu. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi na ndani ya mrija wa kupumulia wa difu. Sahani ya klachi ilikuwa imegandana na flaiwili kwa kutu, ukikanyaga pedeli injini na gia havitengani. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake yanafyonza unyevu hewani, yalikuwa yameingiza maji ya miezi minane, na silinda ndogo za magurudumu manne zilikuwa zimeshika zote. Mchwa walikuwa wamekula mbao za viti vya nyuma wakaacha turubai peke yake, limesimama kwa adabu.

Pikapu ya Omaha ililala miezi mitano kila mwaka na iliamka kwa kupigwa stata. Yangu ililala minane ikafa. Nililifikiria hili kwa muda mrefu, na nadhani ndiyo siri ya kulaza gari kwenye nchi zetu, ambayo vitabu vya Wazungu haviisemi kwa kuwa hawana haja nayo. Kwao baridi yenyewe ndiyo mlinzi. Kutu inakwenda polepole kwenye baridi, petroli inachacha polepole, mpira haukauki, wadudu wamelala au wamekufa. Banda la Nebraska mwezi wa Januari ni friji. Uani kwangu Munuki mwezi wa Agosti kuna nyuzi 30 na unyevu wa bafuni. Kila kinachoweza kuoza kinaoza kwa mwendo kasi. Wao wanaweka nyama kwenye friji. Sisi tunaiweka mezani, kwa hiyo lazima tukae hapo tukiifukuzia nzi.

Hata betri inasema hivyo hivyo. Kwenye baridi betri inakosa nguvu asubuhi na watu wanailaani, lakini imepumzika tu. Iliyojaa vizuri haigandi hata nyuzi 50 chini ya sifuri, ingawa iliyoisha chaji inaweza kuganda na kupasuka kwenye nyuzi 10 chini. Joto ndilo linaloiua. Linakausha maji, linakula sahani za ndani, na linaifanya iishe chaji yenyewe hata ikiwa haina kazi. Wauza betri wa soko la Custom wanalijua hilo na wanatabasamu.

Basi nimejifunza kulaza kwa namna yetu. Mwisho wa Mei, kabla njia hazijakatika, napeleka gari lioshwe. Si kuoshwa kwa juu. Namlipa kijana wa pampu achomeke mpira ndani ya matundu ya chesisi na kuachia maji mpaka yatoke meupe upande wa pili, na hiyo ni saa nzima, na kila mwaka kinatoka kitu kipya: majani, kifuniko cha soda, mwaka juzi chura mzima. Kisha linakaa juani siku tatu kukauka kabisa. Halafu tunalipulizia ndani ya chesisi oili chafu ya injini iliyochanganywa na dizeli kidogo, kwa bomba la kupulizia dawa ya ng'ombe. Najua huko kwingine wanauza nta maalumu za kopo kwa kazi hiyo. Oili chafu inanuka, inachuruzika, inawaudhi majirani. Haijaniangusha.

Petroli naitoa yote na kuiuza kwa bodaboda, ambao hawaulizi umri wake. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila mwaka, bila kuangalia rangi. Matundu yote yanayoweza kumpendeza nyigu yanazibwa kwa matambara yenye grisi, na kila tambara linaandikwa kwenye daftari, kwa sababu mwaka wa kwanza nilisahau moja kwenye bomba la moshi. Pedeli ya klachi inakandamizwa na kijiti cha mwarobaini kilichokatwa kwa kipimo, kati ya pedeli na fremu ya kiti, ili sahani isigusane na flaiwili. Ujanja huo alinipa dereva mstaafu wa Gulu, na nikiambiwa nichague jambo moja tu katika yote haya nitachagua kijiti hicho. Umeme wa kuaminika wa kuchomekea chaja sina, hivyo betri inakaa ndani na kijisahani cha sola kisichozidi ukubwa wa daftari. Gari linasimama kwenye mawe manne bapa ya Jebel, si kwenye udongo, na halikai chini ya mwembe. Mwembe ni kivuli kizuri lakini maembe ya Juba hayana huruma, na alumini laini inabonyea kwa kila embe. Boneti yangu inaonekana kama imepigwa ndui.

Kisha kazi yenyewe: kila Jumamosi kwenda kuliona. Nazungusha injini kwa hendeli, kwa mkono, mizunguko kumi, plagi zikiwa zimetolewa. Landrova za zamani zina tundu la hendeli kwenye bampa, na sijui gari jipya lolote linalokupa heshima hiyo. Nasukuma gari shibiri moja mbele tairi zibadilishe sehemu ya kukanyaga. Nafungua milango liingie hewa. Nusu saa. Mke wangu anasema nimeoa mara mbili na wa pili ni mgonjwa.

Mvua zikiondoka, kiangazi nacho hakimwachi mwenye gari. Lakini hayo ni mapambano ya mchana kweupe, na gari hili lilitengenezwa kwa ajili yake. Chujio la hewa si la karatasi. Ni bakuli la oili, vumbi linanasa humo, unamwaga, unasuuza, unatia nyingine, hakuna cha kununua. Injini yenyewe haiminyi sana mchanganyiko wa petroli na hewa, kwa hiyo inavumilia petroli ya hadhi ya chini, na hapa utaikuta: nchi inachimba mafuta ghafi lakini petroli inaletwa kwa malori kutoka kusini, na ikiadimika inauzwa kwenye chupa za maji kando ya njia, imechakachuliwa kwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakijui. V8 ya bwana mkubwa ikinywa hiyo inakohoa na taa zote zinawaka. Yangu inalalamika na kuendelea. Joto la Machi likichemsha petroli kwenye pampu, ikageuka mvuke na gari kuzima katikati ya daraja, unafunga kitambaa kibichi kwenye pampu na kusubiri. Tatizo moja tu sijalishinda. Kabureta hii ya Zenith ina mfuniko unaopinda kwa joto, hewa inavuja, injini inahangaika kwenye sailensi kama mzee anayetafuta miwani. Unaweza kuusugua kwenye kioo na msasa mpaka unyooke. Wangu umeshasuguliwa mara nne na umebaki mwembamba kama chapati ya mgahawa.

Spea napata kwa mbali. Mabasi ya usiku ya Kampala yanabeba vifurushi, na wafanyabiashara wa soko la Kisekka wanajua landrova kuliko wanavyokubali. Kirinyaga Road, Nairobi, kuna vijana wanaokuletea chochote ukisubiri chai moja. Lakini hazina kubwa iko kwetu Arusha. Oktoba 2024 zilikusanyika pale landrova zaidi ya elfu moja, wenyewe wakilenga kuivunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani 2018. Nilitazama video usiku kucha kwa intaneti ya kununua. Niliona IIA nyingi kuliko nilizowahi kuziona maishani, na kila moja niliitazama kwenye kabureta.

Mwaka jana gari langu lilitoka rakuba tarehe 2 Novemba. Nilirudisha betri, nikatoa matambara kumi na moja nikihesabu kwenye daftari, nikatoa kijiti, nikatia lita kumi za petroli mpya, nikapiga hendeli. Liliwaka mara ya nne. Rafiki yangu wa Omaha alikuwepo. Akasikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema ile pikapu yake aliiuza siku alipokata tiketi ya kurudi, na kwamba Januari huwa bado anaiota.

Kwa hiyo, msomaji wa Arusha, Moshi au Karatu: kama nyuma ya nyumba ya babu kuna landrova imelala kwenye majani, na wanunuzi wa vyuma chakavu wameshaanza kuja kuipima kwa macho, iuze ukitaka, ni yako. Lakini kwanza fungua boneti, toa mfuniko wa kabureta, uweke juu ya kioo. Ukilala bapa bila kuyumba, nipe bei. Nauli ya basi mpaka Juba nalipa mimi.